Mmisionari na Kikombe cha Chai

Kijana wa Kimarekani anayetumwa Ukambani, nchini Kenya, na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo waumini wake hujulikana zaidi kama Wamormoni, mara nyingi huwasili akiwa na umri wa miaka 18 au 19, shati jeupe mwilini na tai shingoni, tayari kuwafundisha misingi ya familia watu wenye wajukuu. Kanuni humtaka asitengane na mwenzake wa utumishi kwa muda wote wa miaka 2, jambo ambalo wanakijiji, wasiozoea kumwona mtu mzima akisindikizwa hata dukani, hulipokea kwa adabu na huruma kidogo. Vumbi jekundu hulishinda shati mapema. Mtihani wenyewe, hata hivyo, ni chai. Neno la Hekima, yaani mwongozo wa afya uliotolewa na Joseph Smith mwaka 1833, hukataza vinywaji vya moto, na viongozi wa kanisa walifafanua kwamba maana yake ni chai na kahawa; kwa hiyo uji unaofuka mvuke ni halali, ilhali chai iliyopoa tangu asubuhi ni marufuku. Mwenyeji, ambaye huona vigumu kumuaga mgeni aliyekaa na midomo mikavu, hulazimika kumtuma mtoto akanunue soda, ambayo kanisa halikatazi hata ikiwa na kafeini. Kwa hesabu ya mwenye nyumba, hekima hiyo ni ghali kuliko majani ya chai, na anayeilipia si aliyeileta.