Chombo Kinauzwa, Maelewano Yapo

Kuna swali moja ambalo hapa Dar es Salaam halina jibu salama, nalo ni hili: “Kwa nini unaiuza?”

Ukisema una shida ya hela, bei inashuka hapohapo, maana mwenye shida hapangi bei. Ukisema umenunua gari, inashuka vilevile, maana mwenye gari anang’ang’ania laki mbili za nini? Ukisema umeichoka tu, mnunuzi anamkonyeza mwenzake: chombo kina tatizo. Ukikataa kujibu, basi ni ya wizi. Mimi nilisema ukweli mtupu, kwamba daktari amenikataza kupanda pikipiki kwa sababu ya mgongo. Mnunuzi akainama, akazitazama shokapu za nyuma kwa muda mrefu, akasema, “Kumbe inaumiza watu migongo.” Akapunguza laki.

Chombo chenyewe ni Boxer 150, nyekundu, kibao cha njano, maana yake ni ya mtu binafsi na si ya biashara. Haijawahi kubeba abiria wa kulipa. Abiria wake mkuu amekuwa mama watoto, ambaye tangu tununue hajatoa hata shilingi ya mafuta, na ambaye ndiye aliyenishauri niiuze mwenyewe. “Usiipeleke dukani,” alisema, “watakuibia.” Ushauri wa mtu asiyepokea simu za wanunuzi huwa mwepesi sana.

Nikapiga picha, nikatangaza: Boxer 150, tumia mwenyewe, kadi orijino, haijafunguliwa injini, 1,700,000, maelewano yapo. Simu ikaanza kuita kabla sijanawa mikono.

“Bosi, ile Boxer ipo?”

“Ipo.”

“Mwisho shilingi ngapi?”

Mtu hajaiona, hajaisikia ikiunguruma, hajui kama ina matairi, anataka mwisho. Tukianzia mwisho, maelewano tutayafanyia wapi? Mwingine aliomba picha. Nikamtumia. Akaomba picha ya upande wa pili. Akaomba video ikiwaka kwa stata, kisha video ikiwaka kwa kiki, kisha video ya asubuhi injini ikiwa ya baridi. Bando likakatika, nikanunua jingine. Mwisho akauliza niko wapi. Nikamwambia Tabata. Akasema, “Duh, kaka, mimi niko Tunduma,” akanishauri niipakie kwenye basi la usiku, hela angenitumia mzigo ukifika.

Halafu kuna wale ambao hela hawana, ila vitu wanavyo. Hawa wanataka kubadilishana. Nilipewa friji la kuuzia vinywaji, halina tatizo ila gesi. Nilipewa kuku wa mayai pamoja na mabanda yao, niende kuwachukua mwenyewe. Nilipewa kiwanja Chanika, hakina mgogoro. Hicho cha Chanika kilinishawishi kidogo, nikauliza hati iko kwa nani. Ipo kwa kaka yake. Na kaka yake yuko wapi? Yuko kwenye hichohicho kiwanja, amejenga, anasema ni chake.

Vijana wa kijiweni nao wakaja na lugha yao: “Mzee, tupe kwa mkataba. Elfu kumi kila siku, mwaka ukiisha chombo chetu.” Kwenye karatasi ni biashara nzuri kuliko zote, ukizidisha unapata hela inayozidi bei ya pikipiki mpya. Lakini nina ndugu na marafiki wenye bodaboda za mkataba, na hesabu zao nazijua. Jumatatu mvua imenyesha. Jumanne askari wamekamata. Jumatano pancha. Alhamisi kuna msiba Kimanzichana, na chombo kimekwenda msibani. Unabaki unamdai mtu ambaye kila ukimpigia anakuita baba.

Nikaona isiwe tabu. Nikaenda dukani.

Duka lilikuwa la barabarani, lenye pikipiki mpya zimepangwa nje bado na nailoni kwenye siti, na bango lililosema leta ya zamani, ongeza hela, ondoka na mpya. Kijana wa mauzo alinisalimia vizuri, shikamoo mzee, akanivutia kiti. Kisha akaiendea pikipiki yangu. Hakuiwasha. Hakuigusa. Alizunguka nyuma, akasoma kibao, akasema, “Hii B,” kwa sauti ya mtu anayetangaza umri wa marehemu.

Kwa wasiojua: pikipiki zetu zina namba zinazoanza na MC, kisha tarakimu tatu, kisha herufi tatu zinazokwenda kwa mfuatano wa usajili. Ile herufi ya kwanza kati ya hizo tatu ndiyo umri, ndiyo afya, ndiyo tabia. Boxer iliyolala sebuleni imefunikwa kanga na Boxer iliyopiga mshikaki kati ya Mbagala na Kariakoo usiku na mchana, zote zikiwa B, kwa kijana yule ni mapacha. Nikamwonesha tairi la nyuma, nimelibadilisha juzi. Nikamwonesha cheni na sproketi, seti nzima mpya. Akaandika kwenye kikokotoo, akanigeuzia kioo nisome mwenyewe: 1,000,000.

Tena hiyo milioni haikuwa ya kuondoka nayo. Ilikuwa ya kupunguza bei ya mpya, ambayo ilikuwa inakaribia milioni tatu, na juu yake ningepewa kofia ngumu na reflekta bure. Nikamkumbusha kwamba nimekatazwa pikipiki na daktari. Akatafakari, akaniuliza kama daktari amekataza na bajaji.

Nilipomlaumu kwa bei ile, alinijibu kwa upole jambo ambalo lilinikera kwa sababu lilikuwa na akili ndani yake. “Mzee, hii na sisi tutaiuza. Na sisi watatusumbua.” Nikaondoka nikinung’unika, nikarudi kwa wasumbufu wangu.

Mnunuzi wa maana hufika na fundi. Huyo fundi analipwa na mnunuzi, na kwa ninavyoona mimi, analipwa kwa idadi ya kasoro. Aliyeletwa kwangu alikuja na bisibisi moja tu, ndefu. Akawasha, akaiacha inaunguruma. Kisha akaegesha ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini akauweka sikioni, akafumba macho. Sote tukanyamaza. Hata watoto wa jirani waliokuwa wanacheza mpira wakausimamisha.

“Taimingi cheni,” alisema.

Mnunuzi akatikisa kichwa kwa uchungu, ingawa nina hakika ukimwambia akuoneshe taimingi cheni ilipo atakuonesha kengele.

Fundi akafungua plagi. Ilikuwa kavu, rangi ya kahawia, rangi ambayo kila muuzaji huiombea. Plagi ikiwa nyeusi na masizi, injini inapewa petroli nyingi kuliko hewa; ikiwa imelowa oili, ringi zimekwisha. Ya kwangu ilikuwa mfano wa kufundishia. Fundi aliigeuza kwenye mwanga, akaikunakuna kwa ukucha, akamgeukia mnunuzi: “Amebadilisha. Anaficha kitu.”

Nikasema jamani, angalieni moshi basi. Moshi wa bluu ndio unaosema injini inakula oili, na hapa hakuna moshi wa rangi yoyote. Akaweka kiganja nyuma ya ekzosi, akakinusa. “Ameweka oili nzito.” Na hapo hasira zangu zikakosa pa kutokea, kwa sababu watu wanaoweka oili nzito kuzima moshi kwa siku mbili tatu wapo, tena fundi wangu mwenyewe alikuwa ameshanipa ushauri huo, pamoja na stika mpya za tangi na rangi ya kupuliza kwenye ekzosi. Nilimkatalia. Sasa nikawa nashitakiwa kwa kosa nililokataa kulitenda.

Mnunuzi hakununua. Fundi alibaki nyuma kidogo, akaninong’oneza: “Bosi, hela ya soda. Ningeweza kusema na chesisi imepinda.”

Majaribio ya barabarani yana elimu yake. Mtu akikuomba azunguke nayo kidogo, usalama wako ni kushika kitu chake. Wengi hutoa kitambulisho cha taifa. Kuna kijana alikuja na mwenzake, akasema, “Huyu shemeji yangu anabaki hapa, mimi napiga raundi moja tu.” Nikaona mtu mzima ni dhamana kubwa kuliko kitambulisho. Akaondoka. Robo saa ikapita. Nikamuuliza shemeji, jamaa anakaa wapi? Shemeji akasema hamjui. Walikutana kwenye daladala, wakaongea mambo ya mpira, yule akamwomba amsindikize. Alikuwa na wasiwasi kunizidi mimi, maana kituo chake kilikuwa kimeshapita. Pikipiki ilirudi baadaye, tangi likiwa linasoma mwanzo wa rizevu, na mpanda akiwa na maoni: “Inakula sana mafuta.”

Aliyenunua mwishoni hakuja na fundi. Alikuja na kalamu. Mzee wa makamo, mfanyabiashara wa samaki, shati limepigwa pasi. Hakuiwasha kwanza. Aliomba kadi, akapiga magoti, akalinganisha namba ya injini na ya chesisi tarakimu moja moja, akifuta vumbi kwa kidole. Kisha akatoa simu, akaingiza namba ya kibao kwenye mfumo wa polisi kuangalia kama kuna faini. Bajeti ya 2021/22 ilishusha faini ya pikipiki na bajaji kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 kwa kosa, lakini hata elfu kumi kumi zikilundikana zinatisha, na anayenunua chombo bila kuangalia hununua na makosa ya mwenzake. Hakukuta kitu. Nikavimba kichwa. Ndipo akaniambia:

“Ndugu yangu, umeandika 150. Hii ni 144.8.”

Ni kweli. Ubavuni imeandikwa 150, lakini ujazo wa injini ni sentimita za ujazo 144.8, watengenezaji wengi hupenda namba za mviringo, ndiyo maana hata TVS HLX 125 ni 124.5. Nikamwambia hizo 5.2 zilizopungua akazidai kwa wenyewe huko Pune, India, mimi sijazila. Akacheka, lakini hela hakuongeza. Tukafungia 1,350,000.

Kabla hajamaliza kuhesabu, akatokea kijana wa kijiweni, amesimama mlangoni na mikono nyuma. Dalali. Dalali wa nini? Mteja alimuuliza njia ya kufika kwangu, na yeye akamwonesha. “Mzee, huyu ni mteja wangu.” Ukibisha na dalali wa mtaani kwako, ukitangaza chochote tena, hata kitanda, wateja wako watapotezwa njia mpaka wafike Kigogo. Nikatoa elfu sabini.

Mzee wa samaki alitaka mkataba wa mauziano kwa wakili, picha za pasipoti, mashahidi wa pande zote. Hapo sikulalamika, ila nilimbana kwenye kitu kimoja: kubadilisha jina la umiliki TRA, leo si kesho. Wanunuzi wengi hupenda kusema “nitabadilisha baadaye,” wakikwepa ada na ushuru wa stempu. Baadaye hiyo ina hatari zake. Kadi ikibaki na jina lako, chombo kikimgonga mtu Chalinze usiku, atakayetafutwa kwanza ni wewe uliyelala Tabata. Nikamsindikiza, nikakaa naye kwenye benchi, nikamwazima hata kalamu yake mwenyewe alipoisahau kwangu.

Sasa tupige hesabu, maana mama watoto anajigamba mtaa mzima kwamba tumelikwepa duka. Duka lingenihesabia milioni moja, nimepata 1,350,000. Faida ya kujiuzia ni 350,000. Toa tairi 60,000, maana wenye herufi B lazima wapendeze. Toa cheni na sproketi 35,000. Toa dalali 70,000. Toa nusu ya wakili 20,000. Toa mafuta ya watu waliokuja kufanya majaribio na kumbe wana safari zao, 25,000. Toa bando na soda, pamoja na ile ya fundi asiyepindisha chesisi, 15,000. Kinabaki 125,000.

Hiyo ndiyo tofauti ya duka na mtu binafsi, na sasa najua ni hela ya nini. Si bei ya pikipiki. Ni mshahara wa kuulizwa mwisho saa nne za usiku, kutuhumiwa plagi, kulinda shemeji wa watu na kusikiliza habari za kuku wa mayai. Kijana wa dukani anaifanya kazi hiyo kila siku na anajua thamani yake, ndiyo maana anaikata mapema. Wewe unayetaka kuuza, amua kwanza kama unaitaka ajira hiyo. Mimi nimeifanya jioni zangu zote na wikiendi zangu zote, na nikigawa 125,000 kwa saa, mlinzi wa geti la jirani ananizidi, na yeye hupewa na chai.