Mwongozo wa Kuuziwa Spea Orijino

Ndugu mwenye akiba, hongera. Umepata fremu ya Yamaha DT-1 ya 1968, injini iko vipande vipande ndani ya ndoo, na umeapa mbele ya mkeo kwamba pikipiki itarudi kama ilivyotoka kiwandani Japani. Kuanzia sasa kila mwenye chuma chakavu, awe California awe Gerezani, Dar es Salaam, atakuita bosi. Haya ndiyo ya kuzingatia ili akiba yako iishe kwa heshima.

Kwanza, nunua kinachong'aa. Muuzaji amekesha na msasa na dawa ya kung'arishia, si vizuri kumvunja moyo. Usijisumbue kukumbuka kwamba DT-1 iliuzwa Marekani kwa dola 735, na kwa bei hiyo hapakuwa na mfanyakazi wa kukaa na kifuniko kimoja cha injini mpaka ajione sura. Rangi ya kiwandani mara nyingi ina vinundu kama ganda la chungwa, fremu ina michirizi iliyogandia kwenye kona zisizoonekana, na nati zimepakwa zinki iliyofifia, si kromu. Ukikuta dalili hizo, mwambie fundi aziparuze zote haraka usije ukaaibika mbele ya wenzako.

Skrubu nazo zitupe. Zile za kichwa cha msalaba zilizotoka Japani, nyingi zina kitone kidogo kilichobonyezwa pembeni ya msalaba, alama ya kiwango chao cha JIS. Bisibisi yetu ya nyota haikai sawasawa humo. Ukikaza mkono inapanda, inateleza, na kukitafuna kichwa chote, ndiyo maana skrubu orijino zenye vichwa vizima ni adimu kuliko vifuniko zinavyovifunga. Kifuniko chenye skrubu nne za kitone na mbili ngeni kinakueleza kwamba kuna mtu alishaingia humo ndani, na pengine hata alikofikia. Lakini wewe funga bolti mpya za stenlesi. Zinapendeza.

Sasa namba za spea. Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea, kwa hiyo tukae kidogo. Namba ya Yamaha ya enzi hizo ina mafungu matatu. Tarakimu tatu za mwanzo ni za modeli, na DT-1 ni 214. Tano za kati hutaja kitu chenyewe: 11631 ni pistoni ya saizi ya kawaida, iwe ya modeli gani. Za mwisho huonyesha toleo. Honda wao walipanga vingine, kitu kwanza na modeli katikati. Kabureta huanza na 16100, na ukiona 357 katikati, hiyo ni ya Elsinore CR250M ya 1973.

Mnunuzi akishajua haya anakuwa hatari kwa mfuko wake mwenyewe. Anakataa kila kisichoanza na 214, akiamini ni cha pikipiki nyingine. Kumbe Yamaha hawakubuni upya kila washa na kila bushi; spea iliyokwisha kutengenezwa kwa modeli ya nyuma ilihamia kwenye DT-1 na namba yake ileile. Na zile ambazo kiwanda kiliendelea kuzitengeneza, baadhi zilibadilishiwa namba miaka ya baadaye. Basi anaiacha mezani iliyo sahihi, anabeba feki iliyochapwa 214 kwa herufi safi kwenye boksi lililopakwa chai ya rangi ili lionekane la kale. Katalogi ya spea ya mwaka husika ingemwonyesha yote hayo, ila kusoma katalogi kunapunguza raha ya kununua.

Huku kwetu tuna nyongeza. Ukitaja DT, watakuletea ya DT125 au DT175, ndugu wadogo waliowabeba mabwana shamba na mapadri mpaka vijiji ambavyo Landrover ilikata tamaa. “Zote DT, bosi.” Na ukibisha, kijana ana faili na nyundo. Itaingia.

Kuna spea zilizotoka Yamaha kwelikweli na bado si za pikipiki yako. Kampuni iliuza kifurushi kilichoitwa GYT cha kuitia DT-1 nguvu za mashindano: silinda na kichwa chake, pistoni, kabureta, ekzosi. Mihuri yote ni ya kiwanda, ubora hauna maneno, ila siku pikipiki inatoka dukani havikuwemo. Wamarekani walionunua pikipiki hizi hawakuwa na subira. Wengi walifungua taa na vioo, baadaye wakafunga madigadi za plastiki za Preston Petty, wakaingia jangwani. Hivyo usishangae taa ya mbele ikipatikana stoo ya mtu ikiwa mpya kabisa, wakati pistoni imekwisha na silinda imechimbika.

Tanki la Elsinore CR250M ni la alumini, rangi ya fedha na mstari wa kijani. Ndugu yake MT250, aliyepewa taa za kutembelea barabarani, tanki lake ni la chuma. Sumaku ndogo ya kwenye friji inamaliza ubishi wote. Iache nyumbani.

Halafu kuna namba za fremu na injini. DT-1 ilitoka kiwandani zikiwa sawa, na zikitofautiana ujue injini imehama. Honda hawakuwa na desturi hiyo. Kwa hiyo muuzaji akikuonyesha Honda XL250 ya 1972 ambayo namba ya injini na ya fremu zinalingana mpaka tarakimu ya mwisho, mkumbatie. Amefanya kazi ambayo kiwanda chenyewe hakikuifanya.

Usisahau kulipia hadithi. Tangu Steve McQueen aonekane juu ya Husqvarna katika filamu On Any Sunday ya 1971, Husqvarna zilizowahi kuwa zake zimezaliana ajabu. Karatasi usiulize, unamtia mzee wa watu presha bure.

Na akikuapia kwamba matairi ni yaleyale ya kiwandani, usichungulie ubavuni kwenye alama ya DOT. Kabla ya 2000 tarehe iliandikwa kwa tarakimu tatu. Ukikuta nne, tuseme 2316, tairi limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Ukikuta tatu, na kweli ni la zamani hizo, ongeza dau. Mpira huo umekauka kiasi kwamba pikipiki haitatoka sebuleni, na huko ndiko spea zako zitakakodumu.