Nyayo Zikitangulia: Njia 8 za Kupasha Miguu Joto kwenye Baiskeli ya Kulalia

Tarehe 7 Julai 1933, jijini Paris, Francis Faure alipanda baiskeli ya kulalia iliyobuniwa na Charles Mochet, akaenda kilomita 45.055 kwa saa moja na kuvunja rekodi ya dunia. Mwaka uliofuata chama cha kimataifa cha mbio za baiskeli, UCI, kikaziondoa baiskeli za aina hiyo kwenye mashindano yake. Faure alibahatika kwa jambo moja: ilikuwa Julai. Angejaribu Januari, tena Minneapolis, vidole vyake vingeomba marufuku hata kabla ya UCI.

Kwenye baiskeli hii unaketi umeegama, miguu imenyooshwa mbele. Wa baiskeli ya kawaida huupokea upepo kwa kifua. Wewe unaupokea kwa nyayo. Pedali nazo mara nyingi ziko juu, sawa na kiti au kupita kiti, kwa hiyo damu haina mteremko wa kuifikisha vidoleni. Kukiwa na nyuzi -10 na wewe unakimbia kilomita 25 kwa saa, ngozi iliyo wazi huonja baridi ya nyuzi -19 hivi. Wakenya wengi waliohamia Minnesota wanaijua Januari ya huko, na njia ya baiskeli ya Midtown Greenway jijini Minneapolis, inayopita kwenye handaki la reli ya zamani, husafishwa theluji. Barabara ipo. Tuihangaikie miguu, tukianzia chini kupanda.

8. Vipakiti vya joto
Ndani mna unga wa chuma, chumvi na mkaa. Ukichana karatasi, hewa inaingia, chuma kinashika kutu, na kutu hiyo inatoa joto. Shida ni kwamba ndani ya kiatu kilichozibwa vizuri hewa ni haba, na kipakiti kinasinzia. Nunua vile vilivyotengenezwa kwa ajili ya miguu, uvibandike juu ya vidole, juu ya soksi. Vimeshika nafasi ya nane kwa sababu haviuzuii upepo. Vinagombana nao tu.

7. Soksi za umeme
Zinafanya kazi, nazipenda. Ila betri nayo huishiwa nguvu upesi kwenye baridi kali, kwa hiyo iweke ndani ya nguo na si nje. Na uwe na mpango wa pili wa kufika nyumbani.

6. Mfuko wa mkate
Vaa soksi nyembamba, kisha mfuko, kisha soksi nene ya sufu. Jasho linabaki ndani, sufu inabaki kavu, na joto linabaki kwako. Hautabana mguu na hauna bei. Mwenye kiatu cha bei kubwa akikucheka, mwonyeshe vidole vyako vyenye rangi, umwulize vyake viko wapi.

5. Kuziba soli
Hapa ndipo wageni wa baiskeli hii huumia. Viatu vingi vya baiskeli vina matundu ya kupitisha hewa kwenye soli. Kwa wenzetu soli inatazama chini. Kwako inatazama mbele, na kila tundu linapuliza moja kwa moja unyayoni. Ziba matundu yote kwa utepe wa gundi kutoka ndani, kisha weka soli ya ndani ya manyoya yaliyoshindiliwa. Kama unatumia viatu vya kunasa kwenye pedali, kile kipande cha chuma chini ya unyayo kinakunyonya joto safari nzima. Ndiyo maana wengi, theluji ikianguka, hurudi kwenye pedali pana za plastiki na buti za kawaida.

Lakini sikiliza, na hapa sitanii: usiende bila kitu cha kushika mguu, hasa kwenye baiskeli ya kulalia yenye magurudumu matatu. Kisigino kikiteleza na kugusa ardhi, baiskeli inaendelea mbele na mguu unavutwa chini ya kiti. Watu huvunjika hivyo. Funga mkanda wa kisigino kwenye pedali, buti au si buti.

4. Vifundo na kofia
Suruali yenye upindo mpana ni mlango wazi: upepo unaingia kifundoni na kupanda hadi gotini bila kupiga hodi. Funga upindo, uvae kinga ya kitambaa kizito kutoka juu ya kiatu hadi katikati ya muundi. Kifundoni mishipa iko karibu sana na ngozi, na damu ikipoa pale inavifikia vidole ikiwa imechoka. Kisha vaa kofia na uifunike shingo. Mwili ukihisi baridi katikati hubana mishipa ya pembeni ili kuokoa moyo na mapafu, na vidole vya miguu ndivyo vya mwisho kwenye foleni.

3. Shuka utembee
Haigharimu chochote, na inashinda vifaa vingi vya dukani. Tembea dakika chache ukikanyaga kwa kisigino hadi vidole, damu inarudi. Vidole vinavyouma bado vinakuambia habari. Vikinyamaza, vikawa vyeupe na vigumu, safari imekwisha: ingia ndani. Usivisugue, hata kwa theluji, wala usiviweke karibu na moto. Vitie kwenye maji ya uvuguvugu wa nyuzi 37 hadi 39, na umwone daktari. Usiviyeyushe kama bado utatoka tena barabarani, kwa maana kuganda mara ya pili kunaharibu zaidi.

2. Ukuta mbele ya nyayo
Kioo cha plastiki kinachofungwa mbele ya pedali huubadilisha mchezo wote, kwa sababu kinamkuta adui mlangoni. Waholanzi wamekwenda mbali zaidi: huko Dronten hutengenezwa baiskeli za magurudumu matatu zenye gamba zima, mpandaji akiwa ndani na kichwa tu nje. Miguu inakaa chumbani! Ningeliweka namba moja, lakini bei yake inawaacha nje wengi ninaowaandikia.

1. Kiatu kikubwa
Najua ulikuwa unasubiri kifaa. Pole, ni nafasi tu. Mguu hupashwa na damu. Soksi kazi yake ni kulitunza joto hilo. Wewe unayesokomeza soksi tatu ndani ya kiatu kilichokutosha Julai unaibana mishipa, kisha unaishitaki hali ya hewa. Soksi moja nene ya sufu ndani ya kiatu kipana huzishinda tatu ndani ya kiatu kinachobana, kila siku ya juma. Vidole vikiweza kucheza, vitaishi.

Kwa hiyo nenda dukani jioni, miguu ikiwa imetanuka kidogo, ukiwa umevaa soksi zile zile utakazoendeshea. Chukua namba moja au mbili zaidi ya yako, ukunje vidole ndani yake mbele ya muuzaji, na akikuambia kiatu kinachobana kitalegea chenyewe, mwage kwa heshima uende duka la pili.