Waraka kwa Mpima Aliyepima Asipofika

Kwa Bwana Mpima,
Nairobi.

KUH: ARDHI YA ZIADA ULIYOTUPATIA KILELESHWA

Bwana Mpima,

Nakuandikia kwanza kukupongeza. Ramani uliyotuletea ya ile ploti inayoteremka hadi mto Kirichwa Kubwa inapendeza: kontua za kila nusu mita, mshale wa kaskazini wenye mapambo, jina lako kwa herufi nene, na muhuri ambao hata karani wa Ardhi House angeuonea wivu. Kasoro ni moja tu. Umetupatia ardhi kubwa kuliko tuliyonunua.

Tazama upande wa magharibi. Ploti yetu ina umbo la herufi L, na pale kwenye pembe iliyobonyea ndipo jirani alipojenga nyumba yake na banda la mbwa. Mbwa hao unawajua, kwa maana hukuthubutu kuvuka ukuta. Kontua zako zimevuka. Zimepita sebuleni mwa mama wa watu bila kubisha hodi, zikatokea upande wa pili zimenyooka tititi.

Najua utasema kosa ni la programu ya kuchora ramani. Programu, maskini, ilifanya kazi yake. Ukiipa nukta inaziunganisha tatu tatu, kwa kanuni iliyoandikwa na mwanahisabati wa Urusi, Boris Delaunay, mwaka 1934, hadi uso wote wa ardhi ufunikwe kwa pembetatu. Haijui ukuta wala mbwa. Inazizunguka nukta zote za nje kama kamba iliyokazwa kwenye vigingi vya pembeni, na kila pengo lililoingia ndani ya kamba inalijaza. Walioiunda walilijua hilo, ndiyo maana wakaweka amri ya mpaka: unachora mstari kupitia nukta zako za mwisho, unaiambia programu kwamba huu ndio mpaka wa nje, na pembetatu zilizozidi zinaondoka. Chai haipoi kabla hujamaliza.

Usidhani nalalamikia urembo. Mkadiriaji wetu wa majenzi hakai saiti. Yeye anasoma tarakimu. Ile pembe ina mita 20 kwa 15, kwa hiyo pembetatu inayoifunga ina mita 150 za mraba. Programu ikidhani hapo pana udongo wa kuchimbwa kwa kina cha mita 2, tayari tuna mita 300 za ujazo za udongo usiokuwepo. Kwa tipa ya mita 10, hizo ni safari 30 za kupenya msongamano wa Waiyaki Way kwenda kumwaga hewa. Mkandarasi hakulalamika. Sijawahi kumsikia mkandarasi akilalamikia udongo aliolipwa bila kuuchimba.

Sasa tuteremke mtoni. Ulipima ukingo wa upande wetu, ukalenga nukta chache ng'ambo, na majini hukuingia. Sikulaumu; maji ya Kirichwa hayamwaliki mtu. Lakini programu imeruka kutoka ukingo hadi ukingo, na kwenye ramani yako mto umekuwa uwanja wa mpira. Mpaka wa nje hausaidii hapo, kwa sababu pengo liko katikati. Ungechora mstari wa ukingo kila upande ili pembetatu zisivuke ovyo, kisha ukaweka mpaka wa kuficha juu ya maji, pabaki peupe. Peupe si aibu, Bwana Mpima. Panamwambia msomaji: hapa sikupima.

Mji huu umekwisha kulipia ubishi wa kingo. Agosti 2018 tingatinga zilibomoa Ukay Centre pale Westlands na kituo cha mafuta hapa hapa Kileleshwa, kwa hoja kwamba vimekalia hifadhi ya mto. Kanuni za maji za mwaka 2007 zilitaka hifadhi isiyopungua mita 6, na iliweza kufika mita 30. Tangu mafuriko ya 2024, kila mwenye ploti karibu na mto anaitaja hiyo 30 usingizini. Lakini futikamba lazima ianzie mahali, na ukingo ambao tungeanzia umezikwa chini ya pembetatu zako.

Nilipokupigia simu ulinijibu, kwa upole wako wa kawaida, kwamba utaikata ramani kwa mistari ya bikoni tumalize maneno. Nakusihi usifanye hivyo. Mpaka wa ploti ni wa sheria: uko kwenye hati, na rekodi zake wanazo wapima wa serikali kule Ruaraka. Mpaka wa data ni wako wewe: unaonyesha miguu yako ilipoishia. Ukikata kwa bikoni, kichakani nyuma ambako hukuingia utatuachia ardhi ya kubuni ndani ya ua wetu. Na mbele utatupa mtaro wa barabara uliokwisha kuupima vizuri, nao ndio tunaoutegemea kujua maji ya mvua tutayatolea wapi.

Ramani ya kwanza sikutaka kukukumbusha, ila nalazimika. Nukta moja haikuwa na viwianishi, programu ikaisoma sifuri. Katika mfumo wa viwianishi wa UTM, kanda ya 37 Kusini, Ikweta huhesabiwa mita 10,000,000, kwa hiyo sifuri iko karibu na Ncha ya Kusini, na kontua zetu zikashika njia ya huko. Nukta nyingine haikuwa na kimo. Ikatuchimbia shimo la zaidi ya mita 1,600 hadi usawa wa bahari. Kwa wapenzi wa maegesho ya chini ya ardhi, ilikuwa habari njema.

Kwa hiyo naomba haya, kwa heshima zote. Ingiza nukta zote kwanza, mpaka wa nje uje mwisho, kwa sababu nukta zikiongezwa baadaye pembetatu huchepuka tena. Chagua pembetatu zikatwe sawasawa na mstari, zisiachwe na meno meno. Uwekee kikomo urefu wa ubavu: kama ulipima kila mita 10, pembetatu yenye ubavu wa mita 40 imezaliwa na nani? Kisha uandike kwenye mstari huo, kwa herufi nene zile zile za jina lako: mpaka wa vipimo.

Hundi yako iko tayari. Mkataba unasema utalipwa kwa eneo ulilopima, na mpaka ukishachorwa tutajua ni eneo gani.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Msimamizi wa saiti