Shangazi na Saladi za Göteborg

Shangazi yangu wa Tanga anajua saladi moja tu, kachumbari, na kwake kachumbari haina mjadala: vitunguu vilivyooshwa kwa chumvi, nyanya, pilipili, ndimu, basi. Alipokuja kunitembelea Göteborg, Uswidi ilimtia majaribuni.

Mchana nilimpeleka kula dagens lunch, mlo wa siku ambao ukishalipia, saladi, mkate, siagi na kahawa vimo humohumo kwenye bei. Kusikia hivyo, Shangazi alirundika sahani ikaota kilele, na kileleni akaweka kijiko cha kitu cha waridi, akijua ni aiskrimu. Kumbe rödbetssallad: bitiruti iliyochanganywa na mayonezi, ambayo Waswidi huipenda juu ya mkate pamoja na zile kababu zao ndogo za mviringo. Shangazi alimeza kwa adabu, kisha akaninong'oneza, "Aiskrimu yao imechacha, mwanangu. Waambie."

Yakaja matango ya pressgurka, yaliyokatwa vipande vyembamba, yakakandamizwa na kulowekwa kwenye siki yao kali, ättika. Kipimo chake cha kawaida ni siki moja, sukari mbili, maji matatu.

"Sukari mbili! Hilo tango limeshukiwa na sukari?"

Jioni angalau alipata kitu cha kumfurahisha. Pizza za Uswidi huja na saladi yake, kabichi iliyokatwa nyembamba ikatiwa siki, mafuta na pilipili manga, na hupewi bili yake. (Mtaliano asikuone ukiila.) Tulibeba pizza ya kebab, kikopo cha kabichi juu ya boksi, tukapanda tramu.

Karibu na Järntorget dereva akakanyaga breki. Kikopo kikaruka, kifuniko kikaenda zake, kabichi yote ikatua mapajani mwa bwana mmoja mwenye koti la sufu.

"Yarabi! Pole, baba, pole!" Shangazi akavua kanga ya begani akaanza kumfuta, huku akiokota kabichi na kuirudisha kikoponi. Tramu nzima ikatazama dirishani, ingawa nje kulikuwa giza totoro. Bwana mwenyewe, siki ikimchuruzika hadi kwenye viatu, akasema asante.

Aliposhuka, uzi mmoja wa kabichi ulikuwa ungali kwenye kola. Nilimshika Shangazi mkono asimkimbilie. Nyumbani alipita moja kwa moja hadi jikoni, akauliza ndimu ziko wapi.