Vitanzi Chini ya Dera

Mshauri, mimi ni mshonaji hapa mjini Diff. Cherehani yangu hushona vizuri juu, lakini nikigeuza kitambaa naona vitanzi vilegevu hata kidole kinapita. Nimekaza skrubu ya bobini mpaka imegoma. Jirani yangu, naye ni mshonaji, aliisifu mashine hii bila kusema mashallah, na Idi imekaribia. Nifanyeje?
— Mwenye Dhiki

Bibi, kabla hujampeleka jirani yako mbele ya wazee kwa tuhuma ya husuda, zingatia kwamba mashine ambayo Isaac Singer alipewa hataza yake huko Marekani mwaka 1851 haina mahali pa kuingilia kijicho, ila inapo mahali pa kuingilia vumbi, na vumbi, alhamdulillahi, Diff hatukupungukiwa. Vitanzi vionekanavyo chini aghalabu ni kosa la uzi wa juu uliolegea, nawe kwa kuikaza bobini umemwadhibu asiye na hatia. Inua mguu wa cherehani ndipo utunge uzi, maana visahani viwili vya kukazia hufumbuka mguu ukiinuliwa na hufumbata ukishushwa. Atungaye mguu ukiwa chini huuacha uzi ukielea nje ya visahani, na hapo hata azungushe kifundo cha mkazo mpaka tarakimu ya mwisho, hapati kitu. Pitisha kwanza kitambaa safi baina ya visahani hivyo.

Kisha ilegeze ile skrubu uliyoidhulumu, robo mzunguko kwa kila mara. Ikiwa kijumba cha bobini ni cha kuchomoka, kining'inize kwa uzi wake: kikianguka mpaka mwisho kimelegea, kisipotikisika kimekaza mno, na kikishuka kidogo kila utikisapo mkono, kiache. Jaribu kwa uzi mwekundu juu na mweupe chini, juu ya kipande cha kitambaa kile kile ushonacho, kwa kuwa dera jepesi la Idi halivumilii mkazo wa jilbabu.

Mshauri, mke wangu amenikataza kuigusa cherehani yake tangu nilipoifanyia marekebisho madogo kwa bisibisi ya redio. Je, ni haki?
— Mume, Diff

Ni haki, Bwana. Na kwa kuwa barua yako imefika pamoja na ile iliyotangulia, ndani ya bahasha moja, nakusihi upite kwa jirani umwombe radhi, maana Bibi amekwisha kumnunia.