Pengwini wa Makutano

Mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoiwezesha kompyuta kuwaka, kuitambua kibodi yake na kukubali kutumwa kazi, ni kitu ambacho wakazi wengi wa Meru na Embu hawakitaji kwa jina mpaka siku kiharibike, na hata siku hiyo jina litajwalo huwa moja tu, Windows, kwa kuwa fundi huombwa "kuweka windo" hata pale ambapo kilichokufa ni waya wa chaji. Ni katikati ya mazoea haya ambapo mustakabali wa mifumo huria unapaswa kupimwa, maana mfumo huria ni ule ambao msimbo wake, yaani maagizo yaliyoandikwa na watengenezaji, uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuurekebisha na kuugawa. Maarufu kati yake ni Linux, ambayo kiini chake kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Ufini, na nembo yake ni pengwini mnene aliyeketi kama mjomba aliyetoka kula harusini.

Hoja ya kwanza ya watetezi wa Linux kote duniani ni kwamba haiuzwi, na hoja hiyo, hata iwe na nguvu kiasi gani huko Ulaya, ikifika Makutano mjini Meru hugonga mwamba, kwa sababu hapo ni nadra kumpata mtu anayekumbuka kuwahi kuinunua Windows. Nakala iliyovunjwa kufuli hutoka kwenye flashi ile ile iliyouhudumia mtaa mzima, kinacholipwa ni kazi ya mikono ya fundi, wala malipo hayo hayapungui mteja akimchagua pengwini. Cha bure kwa hiyo hushindana na cha wizi, na cha wizi ndicho kilichozoeleka. Mteja akielezwa kwamba mfumo huu mpya ni wa bure na tena ni halali, humtazama fundi kwa jicho la pembeni, akijiuliza ni kasoro gani inayofichwa.

Kilichoibadilisha hesabu hiyo ni tarehe. Oktoba 14, 2025, kampuni ya Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa masasisho ya kawaida, ambayo ni marekebisho ya kuziba mianya ya usalama, na Windows 11 iliyochukua nafasi yake hudai kompyuta iwe na TPM toleo la 2.0, yaani sehemu maalumu ya kutunzia funguo za siri, pamoja na kichakataji ambacho, kwa vile vya Intel, kwa kawaida kiwe cha kizazi cha 8 au cha baadaye. Laptopu zinazopangwa kwenye vioo vya maduka ya Embu, zile ziitwazo "ex-UK", nyingine zikiwa bado na stika ya ofisi fulani ya Uingereza upande wa chini, si chache ambazo ni za kizazi cha 4, cha 5 au cha 6. Chuma ni kizima, kibodi haijafutika herufi, ila mwenye Windows ameshafunga mlango. Hapo ndipo Linux ilipopata nafasi yake ya kweli katika eneo hili, na ni haki kusema kwamba ilipewa nafasi hiyo na mshindani wake.

Wanaoileta nyumbani ni wanafunzi. Kijana anayesomea kompyuta katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kule Nchiru, au katika Chuo Kikuu cha Embu, hufunga chuo mwezi wa Desemba akiwa na flashi mfukoni na imani kubwa moyoni, na mhanga wa kwanza wa imani hiyo huwa ni baba yake, ambaye mara nyingi ni mwalimu mstaafu mwenye ThinkPad inayochukua muda wa kunywa kikombe kizima cha chai kabla ya kuwaka. Kazi ya kuweka Linux Mint au Ubuntu, mfumo uliotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2004 chini ya uongozi wa Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, haizidi saa moja, na matokeo yake hupendeza: mashine huwaka upesi na feni hunyamaza.

"Sasa, Baba, hii haishikwi na virusi ovyo," husema kijana.

"Vizuri. Na intaneti iko wapi?"

Swali hilo lina historia ndefu. Kila kifaa ndani ya kompyuta huhitaji draiva, yaani programu ndogo ya kukitafsiria amri za mfumo, na baadhi ya kadi za Wi-Fi, hasa za Broadcom zilizowekwa katika laptopu nyingi za zamani, zina draiva ambazo kampuni haikuuweka wazi msimbo wake, hivyo wagawaji wa Linux hawawezi kuzitia zote ndani ya mfumo tangu mwanzo. Draiva inapatikana, lakini inapatikana kwenye intaneti, na intaneti haipatikani mpaka draiva iwepo. Mzunguko huu umewahi kuharibu Krismasi ya nyumba zaidi ya moja kati ya Nkubu na Runyenjes, ingawa tiba yake ni nyepesi kiasi cha kuaibisha: simu huunganishwa na laptopu kwa waya wa chaji, simu hugawa bando zake, na draiva hushuka. Mzee aliyekuwa akilalamika kwamba hataki mambo ya pengwini hushindwa kuona kwamba simu iliyomwokoa ni ya Android, ambayo tangu ilipoanza kuuzwa mwaka 2008 hutumia kiini kile kile cha Linux, na kwamba kwa maana hiyo amekuwa mtumiaji wa Linux tangu alipoachana na kabambe yake ya vitufe.

Ajali zilizo kubwa zaidi hutokea saiba, yaani kwenye vibanda vya kulipia kompyuta na intaneti. Mgala muue na haki yake mpe: katika kusafisha flashi Linux haina mpinzani, kwa sababu kile kirusi kilichosumbua saiba za Kenya kwa miaka, kinachoficha mafolda ya mteja na kuacha shotikati mahali pake, kiliandikiwa Windows, na flashi hiyo ikichomekwa kwenye Linux mafolda yaliyofichwa huonekana yote yametulia mahali pake. Mhudumu aliyeuona muujiza huo hushawishika kuigeuza saiba nzima, na hudumu katika furaha hiyo hadi aletewe kazi ya matanga. Programu ya mazishi, kijitabu chenye ratiba ya ibada, wasifu wa marehemu na picha zake, ndiyo kazi ya heshima kuliko zote katika saiba za eneo hili, na kwa desturi ambayo hakuna aliyeipitisha huandikwa kwa Monotype Corsiva, zile herufi za kulala zenye mikia. Herufi hizo ni mali ya kampuni, hivyo Linux haiji nazo. LibreOffice, programu huria ya kuandikia, inazo fonti mbadala za Calibri na Cambria zenye upana ule ule, lakini kwa Corsiva huweka chochote ilicho nacho, mara nyingi herufi zilizosimama wima na pana zaidi, na kila kilichofuata husukumwa. Picha ya marehemu huhamia kwenye shukrani za familia, wajukuu hujikuta wametangulia kuzaliwa kabla ya babu kuoa, na katika ratiba "chakula" hupanda juu ya "mwili kuwasili", jambo ambalo baadhi ya waombolezaji hulitamani kimoyomoyo lakini hakuna kamati ya mazishi inayoweza kulichapisha. Kuihifadhi kazi kama PDF, muundo unaobeba fonti zake wenyewe, kungezuia haya yote, ila faili huletwa saa tatu usiku, kamati inataka kuongeza jina la shemeji, na PDF haikubali shemeji kwa urahisi.

Baada ya matanga ya namna hiyo ndipo hufikiwa suluhu ya mifumo miwili katika mashine moja, ambapo kompyuta ikiwaka huuliza itumie upi. Suluhu hii ina tabia zake. Windows huichukulia saa iliyo ndani ya kompyuta kuwa ni saa ya mahali, ilhali Linux kwa kawaida huiandika kwa saa ya kimataifa, na kwa kuwa Kenya iko saa tatu mbele ya saa hiyo, mtu akitoka Linux na kuingia Windows hurudishwa nyuma saa tatu: saa kumi jioni huwa saa saba mchana. Katika saiba inayotoza kwa dakika hitilafu hiyo huzua mijadala ya kifalsafa, mteja akidai kwamba kwa mujibu wa kompyuta yenyewe bado hajafika. Isitoshe, Windows haimpendi mpangaji mwenza. Mnamo Agosti 2024 sasisho lake moja la usalama lilizizuia baadhi ya mashine za mifumo miwili kuiwasha Linux, zikionyesha ujumbe kwamba jambo fulani limeharibika vibaya.

Kuhusu michezo, mambo yamekaa kinyume cha matarajio. Katika mabanda ya PlayStation, vile vibanda vya mabati ambamo vijana hulipia mechi na anayefungwa hupisha, mfumo ulio ndani ya PS4 ulijengwa juu ya FreeBSD, mfumo huria mwingine ambao leseni yake humruhusu yeyote kuuchukua na kuufunga, na Sony iliufunga. Kijana anayemkejeli kaka yake wa chuo kwa sababu ya pengwini ameshika pedi ya mashine yenye nasaba ya aina hiyo hiyo. Upande wa kompyuta, kampuni ya Valve ilitoa Proton mwaka 2018, programu inayoyapokea maagizo ya mchezo wa Windows na kuyapitisha kwa njia ya Linux, kisha mwaka 2022 ikatoa Steam Deck, kifaa cha mkononi kinachotumia Linux, na tangu hapo maelfu ya michezo imefunguka. Iliyobaki nje ni ile inayopendwa. Michezo mingi ya mtandaoni huja na mlinzi wa kuzuia udanganyifu anayetaka kuingia hadi kwenye kiini cha mfumo ili amkague mchezaji, na Linux haimpi mgeni huyo chumba. Ndiyo sababu Valorant haiingii, Fortnite haiingii, na mchezo wa kandanda wa EA, ambao kijana wa Maua huutamani kuliko yote, ulifunga mlango huo tangu FIFA 23. Uamuzi uko mikononi mwa wenye michezo, na hakuna ufundi wa Makutano wala wa Helsinki utakaowalazimisha.

Kwa anayemiliki ThinkPad ya baba, hata hivyo, hasara hiyo ni ya nadharia, kwa kuwa mashine hiyo haikuwa na uwezo wa kuuendesha mchezo mpya hata chini ya Windows. Inachokiweza ni SuperTuxKart, mbio huria za vigari ambamo pengwini mwenyewe ni dereva, na kwa msaada wa Wine, programu ambayo Proton ilijengwa juu yake, inaiweza pia GTA San Andreas na ile PES 2013 ya kandanda isiyokufa, ambayo huhamishwa kutoka flashi hadi flashi kutoka Meru hadi Embu. Mlinzi wa kuzuia udanganyifu hayumo humo, intaneti haihitajiki, Messi bado ni mchezaji wa Barcelona, na mwalimu mstaafu, ambaye hakuombwa ruhusa, hulazimika kuisubiri kompyuta yake mpaka dakika za nyongeza ziishe.